Mkia wa Panya Kwenye Tanuri la Mkwe

Kama uliwahi kuniona natembea barabarani halafu ghafla nikajitosa kichakani, usidhani tumbo lilinibana. Mama mkwe wangu alikuwa anakuja kwa mbele.

Kwao mke wangu, watu wenye asili ya ng'ambo ya Ruvuma, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapeani mikono, hawaongei ana kwa ana. Kukiwa na neno, linapitishwa kwa mtu wa tatu, hata kama mnasikiana vizuri kabisa. Mjini wengi wameyaacha haya. Vijana wa Mtwara siku hizi wanakaa kochi moja na mama wakwe zao wanatazama tamthilia, wanagombania na rimoti. Mimi nilielezwa siku ya kuoa nikayashika, na kusema kweli nilijivunia. Mimi ni mtu wa kelele, hasira ziko karibu na mdomo hauna breki. Kumkwepa mkwe ndiyo heshima pekee niliyoiweza bila kuharibu. Watu walinisifu, na sifa ni tamu bwana, zisikie tu.

Nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha korosho, pembezoni mwa mji kama unaelekea Mtawanya. Ni fundi wa vipimo. Nikisema hivyo watu hudhani nashughulika na mizani. Mizani imo, lakini kazi yangu hasa ni vile vitu vinavyopima na kuongoza mitambo: geji za presha kwenye boila, vipimajoto, kipimo cha unyevu, na visanduku vya umeme vinavyofungua na kufunga mvuke vyenyewe bila mtu kushika koki. Kipimo kikidanganya, mashine inadanganyika, na binadamu aliyesimama mbele yake anadanganyika pia. Kwa hiyo nalipwa nivishuku. Mke wangu anasema nimezoea mpaka naishuku saa ya ukutani.

Korosho ikishabanguliwa, ganda gumu likatoka, inapangwa kwenye masinia na kuingizwa kwenye tanuri ikauke taratibu, ili ule utando mwembamba wa ndani ulegee na wamenyaji waweze kuutoa. Joto likiwa dogo, utando unang'ang'ania. Likizidi, korosho inababuka, inakuwa ya kahawia, na mnunuzi wa ile nyeupe hataki hata kuigusa. Tanuri letu lina kisanduku cha namba ukutani. Ndani ya tanuri kuna kijiti chembamba cha chuma chenye waya, wafanyakazi wanakiita mkia wa panya. Mkia unahisi joto, kisanduku kinasoma, mvuke unaongezwa au unapunguzwa. Hakuna uchawi.

Ila mkia huo una tabia moja mbaya. Masinia yakiugongagonga, unalegea, unarudi nyuma kwenye tundu lake ukutani, na pale ukutani ni baridi kuliko katikati. Basi kisanduku kinaamini tanuri limepoa, kinaongeza mvuke, kinaongeza tena, mpaka pale ukutani pafike joto linalotakiwa. Huko katikati korosho zinaungua, na namba nje inasoma vizuri kabisa, utaipenda. Dawa ni fundi kuingia chumba cha tanuri na kipimajoto chake cha mkononi, akipitishe kwenye tundu la mlango, alinganishe namba mbili. Ukimaliza, chai uliyoiacha mezani utaikuta bado ya moto.

Aliyekuwa anashinda kwenye chumba hicho ni mama mkwe wangu.

Na kazi nilimtafutia mimi. Alipofiwa na mume wake alirudi kukaa kwa kaka yake ng'ambo, mkabala na Kitaya, na huko aligeuzwa kitu cha kutumwa. Mtu mzima, mwenye wajukuu, analala jikoni kwa wifi yake, anaambiwa kachote maji, kamenye mihogo, mbona umechelewa. Mke wangu alikuwa akitoka kumsalimia anarudi na macho mekundu. Nikaenda kwa meneja nikamwomba. Meneja ni mtu wa bara, mwepesi wa kukubali na mwepesi wa kukataa, akasema mlete. Wakampa chumba cha tanuri kwa sababu ni kazi ya utulivu: kuingiza masinia, kuyageuza, kuyatoa, kuangalia namba isipande. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafutatafuta, lakini mle ndani hakikuhitajika sana.

Akapanga chumba Mtawanya. Chumba kimoja, bati limechoka, lakini mlango ni wake. Mke wangu alinisimulia kwamba siku alipokabidhiwa, mama alifunga kufuli akafungua, akafunga tena akafungua, anacheka peke yake kama mwali. Akaapa kwamba ng'ambo hatarudi ila kwa msiba. Kila mtu nyumbani kwetu alijua kwamba kazi ya tanuri ikiondoka, kile chumba nacho kimeondoka, na mama atarudi kulala jikoni kwa wifi.

Kiwandani tulijipanga. Yeye alipita mlango wa nyuma, mimi wa mbele. Wanawake wa kumenya walikuwa wananifanyia vituko. Niko nimeinama kwenye boila, mmoja anapiga ukelele, "Fundi, mkweo huyo!" Nilikuwa natupa spana naruka nyuma ya tangi, halafu nasikia kicheko, kumbe hakuna mtu. Nilikuwa nawatukana kidogo, matusi ya kiutani, na moyoni nafurahi. Mkwe mwenye adabu, ndiye mimi huyo.

Mwanzoni nilikuwa napima tanuri anapokwenda kuswali adhuhuri. Akitoka tu, naingia, napitisha kipimajoto, nalinganisha, natoka. Hatukukutana hata mara moja. Msimu ulipopamba moto, magunia yakarundikana mpaka kwenye veranda, na msimamizi akasema tanuri lisiachwe peke yake hata kidogo. Mama akaleta mkeka wake. Akawa anaswali mle mle kwenye pembe, anakula mle mle.

Sasa mimi niingie saa ngapi? Ningeweza kumwambia meneja anihamishie mama kwenye kupanga korosho kwa madaraja kwa muda mfupi tu niingie nipime. Ningeona haya, angenicheka, mtu wa bara yule. Ningeweza kumtuma fundi umeme mwenzangu. Sikumtuma, kwa sababu hataki kazi za watu na mimi sitaki kubembeleza. Nilichofanya ni kusimama mlangoni kwa nje na kumwambia mmenyaji mmoja, "Hebu niulizie namba inasoma ngapi." Anachungulia, anapiga kelele, "Sabini!" Nasema haya, naondoka.

Fundi mzima! Kukiuliza kisanduku kama kisanduku kinasema kweli, ni sawa na kumuuliza mwizi kama ameiba. Nilijua hivyo. Nilijua siku ya kwanza, nikajua na zilizofuata, na kila nilipoondoka pale mlangoni nilijipa moyo kwamba keshokutwa nitapata nafasi. Wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo nawagombeza kwa kosa dogo kuliko hilo.

Zilipoanza kutoka za kahawia, wamenyaji walinong'ona kwanza. Baadaye meza ya madaraja ikalalamika waziwazi: sinia zima limebabuka, la jana nalo hivyohivyo, na ya juzi iliyopakiwa nayo si nyeupe. Msimamizi akaja mbio, akamwita mama nje waende kuangalia meza. Chumba kikabaki kitupu, nami nikaingia kama mwizi.

Sikuhitaji hata kipimajoto. Mkia wa panya ulikuwa umerudi nyuma, umebaki ncha tu inachungulia. Nati yake imelegea, naigeuza kwa kidole. Na badala ya kuacha vile vile, nikaite watu waone, mkono ulitangulia akili: nikausukuma mkia mahali pake, nikakaza nati, nikafuta alama za vidole vyangu kwa kitambaa. Hata leo nikijiuliza nilikuwa nafuta nini, jibu silipendi.

Meneja alituita uani wote. Alikuwa amekunja mikono ya shati. Akauliza nani anahusika na tanuri, na kabla sijavuta pumzi, mama akatoka kwenye kundi la wanawake. Kofia yake nyeupe ya kazini ameishika mkononi. Mimi nikainamisha macho chini, kama ilivyo desturi, kwa hiyo nilichokiona zaidi ni ndala zake.

"Mimi nimegusa," akasema.

"Umegusa nini?"

"Kile kisanduku. Nimebonyeza. Moto umekuwa mkali."

Meneja akampeleka hadi mlangoni amwonyeshe alichobonyeza. Tukasogea wote. Mama akanyoosha kidole kwenye kitufe chekundu cha chini.

Kitufe kile kinazima king'ora. Hakifanyi kitu kingine chochote duniani. Ukikibonyeza kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, joto halipandi hata kidogo. Mimi ndiye niliyekifunga, najua waya wake unakwenda wapi. Meneja hajui, msimamizi hajui. Kwenye ule uwanja mzima tulikuwa wawili tu tuliojua kwamba mama anasema uongo: mimi, na yeye.

Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba kumsahihisha mkwe mbele za watu ni kumwita mwongo hadharani, na hilo kwao ni jambo zito kupita korosho zote za kiwanda. Ni kweli ni zito. Lakini nisiwafiche, moyo wangu ulipumua. Nilijificha nyuma ya heshima, nikaona kumbe ni mahali pazuri pa kujificha. Meneja akasema, "Mama, pole, lakini hapa basi." Mama akavua koti la kazi, akalikunja vizuri, akampa mmenyaji mmoja alirudishe stoo. Akatoka kwa mlango wake wa nyuma.

Nyumbani mke wangu alinikuta nimekaa na sahani haijaguswa. Ameshasikia. "Mama anasema kagusa mwenyewe," akaniambia, huku ananitazama kwa namna ambayo sijaizoea. "Mama yangu! Anayeogopa hata vitufe vya simu. Mpaka leo nampigia mimi ndiyo tuongee, kupiga hajui. Aguse kisanduku cha umeme?"

Nikamwambia yote. Mkia, nati, mkeka, mmenyaji anayesoma namba. Nilitegemea apige kelele, maana kelele nazijua, ningejibu. Hakupiga. Akachukua sahani yangu akaifunika, akasema, "Basi nenda kaseme." Akaenda kulala upande wa watoto.

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa meneja kabla hajafungua. Nikamweleza kwa kirefu, kwa sauti yangu hii ambayo huwa haikosi kumkera. Nikamwambia kosa ni langu, mkia ulilegea, sikuukagua, mama wa watu hana hatia, kitufe alichokionyesha hakihusiani na joto. Akanisikiliza mpaka mwisho, amekunja uso. Halafu uso ukakunjuka. Akatabasamu!

"Fundi," akasema, "mimi nimekaa huku kusini muda sasa. Najua mnavyowaheshimu wakwe zenu. Nimekusikia, na nakusifu. Lakini mama mwenyewe kakiri mbele ya watu wote."

"Bosi, wallahi tena, nakwambia nati ililegea!"

"Nimeikagua jana. Nati imekazwa."

"Niliikaza mimi!"

"Ndivyo lazima useme."

Nikamwambia twende nikauchomoe mkia mbele yake aone joto litakavyofanya. Akacheka kwa upole. Akasema ukiuchomoa wewe, wewe ndiye fundi, utanionyesha chochote unachotaka kunionyesha. Nikapandwa na hasira, nikapiga meza, nikasema maneno ambayo kwa mtu mwingine yangenifukuzisha kazi. Hakukasirika hata kidogo. Kadiri nilivyopayuka ndivyo alivyozidi kuamini kwamba namkinga mkwe wangu. Mwisho akanishika bega akasema laiti naye angepata mkwe wa namna hii.

Haikuishia hapo. Habari zilinitangulia uani. Wamenyaji, walewale wa "mkweo huyo", sasa wananipisha njia. Mmoja mtu mzima akaniambia, "Mungu akuzidishie, baba. Kujitia kosani kwa ajili ya mama wa mwenzio, si kila mwanamume." Nikamjibu vibaya, nikamwambia aache upuuzi, kosa ni langu kweli. Akatikisa kichwa na kutokwa machozi. Loo! Nimewahi kusingiziwa mambo maishani, nikajua jinsi inavyouma. Sikujua kwamba kusifiwa kwa uongo kunauma mahali hapohapo.

Siku ya mama kuhama Mtawanya tulikwenda kusaidia. Mke wangu aliingia ndani kufunga mizigo, mimi nikakaa nje kwenye tofali, ukuta katikati yetu. Nilikuwa nasikia sufuria zinavyogongana. Nikamwambia mke wangu kupitia dirishani, kwa sauti ambayo mama lazima aliisikia, "Mwambie mama nimewaambia ukweli. Hawakuniamini. Nitakwenda tena."

Kisha mama akasema neno kwa Kimakua, na mke wangu akanipa kwa Kiswahili. "Anasema usiende tena. Anasema ukifukuzwa na wewe, wajukuu zake watakula nini."

"Mwambie hilo si lake kunipangia!" Nilisema kwa ukali. Ndiyo, nilimfokea mkwe wangu, kwa mara ya kwanza, huku yeye ndiye anayefungiwa mizigo. Nilimkasirikia kwa kubeba mzigo wangu bila kuniuliza, na zaidi kwa kuubeba vizuri hivyo nisiweze kumpokonya. Mke wangu akatoka na ndoo iliyojaa vyombo, akaniwekea miguuni, hakunitazama.

Meneja nilimrudia hata hivyo, na tena. Mara ya mwisho alinyanyuka akafunga mlango, akaniambia kwa utulivu kwamba nafasi ya mama imeshapata mtu, na kwamba sasa nafasi yangu naichezea mwenyewe. Nikawafikiria watoto. Nikatoka. Kwa hiyo nisijipambe: mama aliniambia nisiende, nami mwishowe nilimtii, na kumtii kulinifaa.

Mke wangu ndiye aliyemsindikiza. Waliondoka asubuhi kwenda Kilambo wavuke mto, na huko ng'ambo akakaa kwa mjomba wake mpaka alipoona mama ametulia, kama kulala jikoni ni kutulia. Mimi niliendelea na kazi. Kwenye chumba cha tanuri sasa yuko mama mmoja wa Mikindani, mcheshi, si ndugu wala mkwe. Naingia kila asubuhi na kipimajoto changu, tunataniana, nalinganisha namba mbili, naondoka. Korosho zinatoka nyeupe pe. Meneja akipita anaokota moja anatafuna, anasema safi sana fundi. Tanuri linasema kweli kwa sababu mama hayumo, na mimi nakula mshahara kwa sababu hiyohiyo. Kila nikiusogelea mlango ule nasikia aibu inanipanda shingoni.

Mke wangu aliporudi alikuwa amechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimwekea maji ya kuoga, nikamwekea na chakula, nikasubiri ale. Sikuthubutu kuuliza, lakini alijua nasubiri nini.

"Nilimuuliza mama kwa nini alisema kagusa," akaanza. "Anasema aliona korosho zinabadilika rangi. Anasema alijua ulikuwa unakuja kupima akienda kuswali, halafu ukaacha kuja, akajua umeacha kwa sababu yeye yumo. Kwa hiyo kwake yeye aliyeharibu tanuri ni yeye, kwa kukaa mle. Ndiyo maana alisema yeye kagusa. Hajioni kama alidanganya."

Nikashindwa pa kutazama.

"Halafu jana, wakati natoka, akaniita nirudi," mke wangu akasema. "Akaniambia nikufikishie neno. Anasema alikuwa anakusikia pale mlangoni kila siku, unauliza namba. Anasema ungebisha hodi tu. Yeye angegeukia ukutani, ungepima, ungetoka."